Samaki Hukunjwa, Hapigwi

Na Naomi Msengi

Kila Januari shule zinapofunguliwa, hapa Kiomboi maneno ni yaleyale mlangoni mwa darasa la awali. Mzazi anamkabidhi mtoto wa miaka mitano na kusema: "Mwalimu, akileta utundu mchape tu, mimi niachie macho." Watu wazima wanacheka. Mtoto hacheki.

Ruhusa hiyo mzazi hana mamlaka ya kuitoa. Kanuni za viboko za mwaka 2002 zinamtaja mkuu wa shule, au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi. Viboko visizidi vinne, tena kwa kosa kubwa, na viandikwe kitabuni. Kosa kubwa la mtoto wa awali ni lipi?

Tuutazame huo utundu wenyewe. Januari ni palizi. Baba na mama wamedamkia shamba la alizeti, mtoto ametoka bila uji, akimfuata kaka yake mbio mbio. Ikifika saa nne anasinzia, au amemsukuma mwenzake. Tunamwita mzembe au mkorofi, kumbe ana njaa. Mwingine anaulizwa swali, ananyamaza, tunasema mkaidi. Nyumbani kwao husemwa Kinyiramba, na Kiswahili cha mwalimu hajakizoea. Fimbo haishibishi, wala haifundishi lugha.

Wazee watanijibu: samaki mkunje angali mbichi. Nakubaliana nao. Ila methali imesema mkunje, haikusema mponde. Anayekunja hutumia mikono miwili, taratibu, akihisi mahali panapogoma. Kwa mtoto, mkono mmoja ni wa nyumbani na wa pili ni wa shule.

Mwaka 2021 Serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, kwa watoto hadi miaka minane. Afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali na ulinzi vimewekwa pamoja, kwa sababu mtoto hakui kwa vipande. Jina ni refu, lakini kazi yake inaanzia jikoni: kikombe cha uji kabla ya jembe. Kwa asiyeweza kila siku, debe la mahindi kwa uji wa shule ni deni letu wazazi, si la mwalimu.

Nyumbani, sheria ziwe chache na zisibadilike kwa hasira zetu. Aliyemwaga maji apewe kitambaa afute. Darasani, asiyetulia apewe kazi ya kugawa vizibo vya kuhesabia. Mikono yenye kazi haina nafasi ya kusukuma.

Mzazi mwenzangu, ukifika tena mlangoni pale, acha habari ya macho. Mwambie mwalimu mtoto amelalaje, amekula nini, na ni nini kinachomtisha. Hayo ndiyo anayoyahitaji ili amkunje bila kumvunja.