Bagamoyo: mji ulioachwa na meli wangojea bandari

Kila bandari mpya ya Bagamoyo inapotajwa, mazungumzo huangukia mabilioni ya dola na kina cha maji. Mji huo wa pwani ya Tanzania, ulio takriban kilomita 70 kaskazini mwa Dar es Salaam, umekwisha kuyaonja yote mawili. Mkataba wa kibiashara uliufanya kuwa makao makuu ya koloni, na uhaba wa kina cha maji ukauvua cheo hicho.

Kabla ya Wajerumani kufika, Bagamoyo ilikuwa mlango wa njia kuu ya misafara ya karne ya 19, iliyopitia Tabora hadi Ujiji, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Pembe za ndovu na watumwa waliteremshwa pwani; vitambaa, shanga na bunduki zikapandishwa bara juu ya mabega ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Pamoja na mizigo hiyo kilisafiri Kiswahili. Kutoka Ujiji kilifuata ufuko wa ziwa kuelekea kaskazini, na lugha inayosikika leo Rumonge na katika mitaa ya Buyenzi, Bujumbura, kwa sehemu kubwa ni tunda la njia hiyo. Mwaka 1868 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni mjini hapo, wakaanzisha kijiji cha watumwa waliokombolewa. Mwaka 1874 mwili wa David Livingstone, uliobebwa na kina Chuma na Susi kutoka katika nchi ambayo leo ni Zambia, ulipumzishwa humo kabla ya kuvushwa Zanzibar.

Mwezi Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said wa Zanzibar alikubali kuikodishia Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ukanda wa pwani kwa miaka 50, pamoja na haki ya kutoza ushuru wa forodha. Waliokuwa wakiishi na kufanya biashara katika pwani hiyo hawakuulizwa. Kampuni ilipoanza kutawala mwezi Agosti, upinzani ulizuka, ukiongozwa na Abushiri bin Salim upande wa Pangani na Bwana Heri huko Saadani. Berlin ilimtuma Hermann Wissmann na jeshi la kukodiwa. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Mwanzoni mwa 1891 serikali ya Ujerumani ilitwaa utawala. Mkataba wa miaka 50 haukutimiza hata mitatu mikononi mwa waliouandika.

Mwaka huohuo makao makuu yalihamishiwa Dar es Salaam. Bagamoyo meli kubwa zililazimika kutia nanga mbali na ufuko, na mizigo ikashushwa kwa mashua, ilhali Dar es Salaam ilikuwa na bandari ya asili yenye kina. Hata hivyo misafara haikukatika mara moja, na Boma la Wajerumani lilijengwa Bagamoyo mwaka 1897. Kilichouzika mji ni reli. Ujenzi wake ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Mpagazi hakuwa na kazi tena, na mji uliokuwa ukiishi kwa mguu wa mpagazi haukuwa na pa kushika.

Ufufuo wa kwanza, usiotajwa sana, uliletwa na ngoma na maigizo. Chuo cha sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho leo kinajulikana kama TaSUBa, kimewavuta Bagamoyo wasanii wa nchi nyingi kwa tamasha lake la kila mwaka. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia ya misafara, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, katika orodha ya awali ya maeneo inayotaka yatambuliwe na UNESCO kuwa urithi wa dunia.

Ufufuo wa pili ndio huu wa bandari. Mkataba na kampuni ya China Merchants ulitiwa saini mwaka 2013. Baadaye mfuko wa serikali ya Oman ukajiunga, na mwezi Oktoba 2015 Rais Jakaya Kikwete, mzaliwa wa wilaya hiyo, akaweka jiwe la msingi. Mrithi wake, John Magufuli, aliusimamisha mradi. Mwaka 2019 alieleza hadharani kwamba wawekezaji walitaka dhamana ya miaka 33 na ardhi kwa miaka 99, masharti aliyosema kwamba ni mwendawazimu tu angeyakubali. Wapo waliopinga maelezo hayo, akiwemo Job Ndugai, Spika wa wakati huo, aliyeutetea mradi bungeni. Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza kwamba mazungumzo yamefufuliwa.

Mjadala huo wa miaka 33 na 99 unarudisha swali la 1888: nani anakodisha pwani, kwa muda gani, na nani anaulizwa? Eneo la bandari ni Mbegani, kusini mwa mji mkongwe, na wa kwanza kuguswa walikuwa wakazi wa vijiji vya jirani, ambao malalamiko yao kuhusu fidia ya ardhi yalidumu miaka mingi. Nyumba za mawe zenye milango ya nakshi hazimo katika hesabu ya bandari. Inawezekana kabisa jina la Bagamoyo likastawi huku Bagamoyo yenyewe ikibaki magofu, kwa kuwa makontena hayahitaji mji wa kulala kama wapagazi walivyouhitaji.

Kwa Burundi, ambayo sehemu kubwa ya bidhaa zake za nje hupitia Dar es Salaam, la kufuatilia ni mahali reli itakapoanzia. Reli ya kisasa ya Uvinza hadi Musongati imepangwa kuungana na ile inayoanzia Dar es Salaam. Mipango ya Bagamoyo ilitaja njia ya kuiunganisha bandari na reli hiyo ya kati. Bila tawi hilo, kontena la Bujumbura litakaloshushwa Mbegani litalazimika kwanza kusafiri kwa lori, ilhali lile la Dar es Salaam litapanda treni karibu na gati.