Habari Itangulie Baraza

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika Kaunti ya Mombasa. Waliokuwa Mvita, yaani kisiwani, ni 154,171. Kisauni ilikuwa na watu 291,930, Likoni 250,358, Nyali 216,577, Jomvu 163,415 na Changamwe 131,882. Kwa hesabu hiyo, karibu watu saba kati ya kila wanane wa kaunti hii wanaishi bara, ng'ambo ya kivuko cha Likoni, daraja la Nyali au njia ya Makupa. Hata hivyo, ofisi ya gavana na bunge la kaunti ziko kisiwani, na habari za maamuzi yao huanzia huko na mara nyingi huishia huko huko. Mkazi wa Mtongwe, Mjambere au Chaani huzipata zikiwa zimepoa: ada imeshapanda, zabuni imeshatolewa, mradi umeshapelekwa wadi nyingine. Hoja yetu katika toleo hili ni moja. Tunapolalamika kwamba wananchi wa bara hawashiriki katika serikali yao, tunaanza lawama mwishoni. Kinachotangulia ushiriki ni habari, na habari haiwafikii kwa wakati, kwa lugha yao, wala kwa kiwango cha wadi wanayoishi.

Kwa upande wa sheria hakuna upungufu. Katiba ya 2010 inautaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa katika kifungu cha 10, inaufanya lengo la ugatuzi katika kifungu cha 174, inalitaka bunge la kaunti lifanye kazi zake hadharani na kushirikisha umma katika kifungu cha 196, kisha inarudia sharti hilo kwa fedha za umma katika kifungu cha 201. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, inapoorodhesha misingi ya ushiriki, inatanguliza kupata habari kwa wakati, na kifungu chake cha 95 kinataka kaunti itumie vyombo vinavyowafikia watu wengi zaidi, zikiwemo redio za kijamii na mikutano ya hadhara. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo. Jaji George Odunga alieleza kuwa ni wajibu wa bunge la kaunti kuwahimiza watu kupitia majukwaa mengi iwezekanavyo: makanisa, misikiti, mahekalu, mabaraza, redio za taifa na za lugha za kienyeji. Majukwaa hayo hatuna haja ya kuyajenga upya. Misikiti ya Likoni hujaa kila Ijumaa, makanisa ya Changamwe kila Jumapili, na Pwani FM, Baraka FM na Radio Rahma zinasikika hadi vibandani na kwenye tuktuk. Kilichobaki ni kaunti kuyatumia mapema na kwa mpango.

Umuhimu wa kuwahi unaonekana wazi ukiufuata mzunguko wa bajeti. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini kazi yenyewe huanza miezi kumi kabla. Mpango wa maendeleo wa mwaka hutakiwa kufika bungeni kufikia Septemba 1, mkakati wa fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Mkazi wa Shika Adabu anayeitwa barazani mwezi wa Mei hukuta viwango vya kila sekta vilipangwa Februari, na orodha ya miradi ilianza kuandikwa tangu mwaka uliopita. Akiomba zahanati au taa za barabarani, atajibiwa kwamba ombi lake litaangaliwa, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Hati anayotakiwa kuitolea maoni nayo, kama ameiona, kwa kawaida ni kitabu kizito cha Kiingereza, kilichojaa majedwali ya programu na nambari za vifungu vya matumizi, ambamo fedha za afya au barabara zimejumlishwa kwa idara nzima. Hapati mstari wa kuwekea kidole na kusema: hizi ni za kituo chetu. Kazi inayombakia hapo ni kutia sahihi tu. Karatasi ya mahudhurio huwa na safu ya jina, ya nambari ya kitambulisho, ya simu na ya sahihi. Safu ya alichokisema haimo. Na karatasi hiyo ndiyo huambatishwa baadaye kuwa ushahidi kwamba wananchi walishirikishwa.

Habari inayohitajika haihusu fedha peke yake. Mkazi anahitaji pia kujua nani anawajibika kwa nini. Kivuko cha Likoni, kinachowavusha watu kwa maelfu kila siku, kiko chini ya serikali ya kitaifa. Malalamiko juu yake yakipelekwa kwa mwakilishi wadi yatakwama kwa sababu hana mamlaka nacho. Maji yana wenyewe wawili: shirika la kitaifa la maji ya Pwani linaloyaleta kwa wingi, na kampuni ya kaunti inayoyasambaza majumbani; mfereji ukikauka Kisauni, kila mmoja anaweza kumnyooshea mwenzake kidole. Taka ni jukumu la kaunti moja kwa moja. Jaa la Kibarani, lililokuwa kando ya njia ya kuingia kisiwani, lilipofungwa mwaka 2018, taka zilielekezwa zaidi Mwakirunge, ndani ya Kisauni. Watu wa kisiwani na wageni waliona mandhari safi, na watu wa Mwakirunge wakaona malori. Huenda uamuzi huo ulikuwa na sababu nzuri, lakini anayepokea taka za mji mzima anastahili kuambiwa mapema, aelezwe zitashughulikiwaje, na ajue ni ofisi gani itamjibu moshi ukiingia nyumbani kwake.

Gharama ya kutojua inaweza kuwa uhai. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mikindani, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata madini ya risasi kilifanya kazi ukuta kwa ukuta na nyumba za watu kuanzia 2007 hadi 2014. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aligundua kuwa mtoto wake ana sumu ya risasi mwilini, akaongoza mapambano yaliyomletea Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ilitengua fidia hiyo mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Kiwanda kilianza kabla ya kaunti kuzaliwa mwaka 2013, na leseni yake ilikuwa mikononi mwa taasisi za kitaifa. Hatuutaji mkasa huu ili kuibebesha kaunti dhambi isiyo yake. Tunautaja kwa sababu unaonyesha watu walivyolazimika kuijua hatari kwa damu za watoto wao, ilhali maelezo ya wazi kwa Kiswahili, yaliyobandikwa kwenye duka na kusomwa msikitini na kanisani siku ya kwanza, yangewapa nafasi ya kuuliza kabla tanuri halijawashwa.

Wapo maafisa wanaosema kwamba watu hualikwa na hawaji, na wachache wanaokuja hudai nauli na chakula. Malalamiko hayo yana ukweli ndani yake. Lakini mtu anayeacha kibarua cha bandarini, kiti cha bodaboda au meza ya mboga Kongowea kwa nusu siku anapoteza ujira wa siku hiyo, na hawezi kuupoteza kwa mkutano ambao hajui unaamua nini. Mtu huhudhuria mazishi, harusi na kikao cha chama bila kulipwa kwa sababu anajua kwa nini anahitajika. Mwiteni mkazi wa Junda Jumamosi baada ya alasiri, mkononi akiwa na karatasi ya Kiswahili iliyopatikana wiki mbili kabla, inayoonyesha miradi mitatu inayogombea fedha za wadi yake, ndipo tumpime kama hajali.

Wengine husema kwamba hii ni kazi ya wawakilishi wadi, ambao wamechaguliwa na kulipwa kwa ajili hiyo. Ni kweli kwamba mwakilishi ni mjumbe wa kwanza, na wapo wanaojitahidi. Lakini Katiba iliweka ushiriki wa umma pamoja na uwakilishi, haikuuweka badala yake, kwa kuwa mwakilishi naye ni mmoja wa wanaopaswa kuulizwa. Mtu hawezi kuachiwa awe mtenda kazi na msimuliaji pekee wa kazi hiyo. Kwa sababu hiyo hiyo, kurasa za kaunti mitandaoni hazitoshi. Huonyesha uzinduzi, utepe na wageni wa heshima. Ni nadra zionyeshe mradi uliokwama au swali lililokosa jibu.

Pingamizi zito zaidi ni la kisheria na la gharama. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa, katika kesi ya mpango wa kujenga upya mitaa ya zamani ya nyumba za kaunti, iliridhika kwamba mikutano, taarifa kwa vyombo vya habari, hojaji na idara ya kupokea malalamiko vilitosha. Tunaiheshimu hukumu hiyo. Lakini mahakama huangalia kiwango ambacho serikali haipaswi kushuka chini yake, na serikali inayojali watu wake haijengi nyumba yake kwenye kiwango hicho. Kuhusu gharama, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha gazeti la Sahifa hapa Mombasa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akiwaandikia watu wa Pwani kwa Kiswahili juu ya mambo yaliyowagusa. Kama hilo liliwezekana miaka ya 1930 kwa juhudi za mwanazuoni, kaunti yenye bajeti ya mabilioni ya shilingi inaweza kutoa ukurasa mmoja wa Kiswahili kwa kila moja ya wadi zake 30, mara nne kwa mwaka: fedha zilizotengwa, zilizotumika, mradi ulipofikia, afisa anayehusika, na majibu ya yale wananchi waliyoyauliza katika baraza lililopita.

Kwa bunge la kaunti, ombi letu ni kwamba utoaji wa ukurasa huo utungiwe sheria, na baraza lolote ambalo karatasi yake haikutangulia kwa siku 14 lisihesabiwe kuwa ushirikishaji. Kwa maimamu, wachungaji, wazee wa mitaa na watangazaji, tunaomba dakika tano za kusoma karatasi hiyo. Na kwako msomaji wa Likoni, Kisauni au Changamwe: usingoje kaunti ijirekebishe. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakupa haki ya kuandika barua, kwa Kiswahili au Kiingereza, ukiomba hati ya umma, na ofisi inatakiwa kukujibu ndani ya siku 21. Chagua mradi mmoja wa wadi yako, andika barua hiyo mwezi huu, weka nakala yenye muhuri wa kupokelewa, na uende na jibu lake barazani.