ETI MOSHI WA DUNIA NI WA MTOTO WA MANZESE?

Ndugu msomaji, na wewe uliyesimama kibandani unasoma bure bila kununua gazeti, hebu sogea usikie.

Vigogo wana wimbo mpya. Joto limezidi, mvua hazieleweki, na mchawi kapatikana. Mchawi ni wewe! Warsha iko hotelini, kiyoyozi kinanguruma, mheshimiwa anakohoa, kisha anatangaza kwamba walalahoi wapunguze kuzaa ili dunia ipoe.

Uongo? Si wote, na hapo ndipo penye ujanja.

Mjapani mmoja, Yoichi Kaya, alishaipanga hesabu ya hewa ya ukaa itokanayo na makaa ya mawe, mafuta na gesi. Chukua idadi ya watu, zidisha kwa pato la kila mmoja, zidisha kwa nishati inayotumika kuzalisha pato hilo, halafu kwa hewa ya ukaa inayotoka katika nishati hiyo. Vitu vinne. Mheshimiwa anakusomea kimoja, vitatu kavikalia!

Tazama China. Kuanzia 1980 hadi 2015 serikali yake ilibana uzazi, mtoto mmoja kwa familia nyingi. Je, moshi ulipungua? Thubutu! Kutoka 1980 hadi 2023 watu hawakufika hata mara moja na nusu ya walivyokuwa, lakini hewa ya ukaa ilipanda zaidi ya mara 7. Viwanda na makaa ya mawe, siyo vitanda.

Uingereza ni kinyume chake. Mwaka 1990 walikuwa milioni 57, leo wamepita milioni 68, na hewa yao ya ukaa imeshuka karibu nusu. Waliacha makaa ya mawe. Mtambo wao wa mwisho wa umeme wa makaa ulizimwa Septemba 30, 2024. (Na bidhaa nyingi siku hizi wanatengenezewa na Wachina, kwa hiyo sehemu ya moshi wameuhamishia kwa jirani. Hawa jamaa wajanja.)

Sasa rudi nyumbani. Sensa ya 2012 ilituhesabu milioni 44.9, ya 2022 milioni 61.7. Tumeongezeka, nani anabisha? Lakini zidisha wingi huo kwa mfuko mtupu, unapata nini? Mtanzania wa kawaida anatoa robo tani hivi kwa mwaka. Mmarekani, tani 14 hivi.

Usiende mbali hadi Marekani. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa kilo 2.7 hivi za hewa ya ukaa. Tangi la lita 90 likikauka, ni zaidi ya kilo 240. Yaani tangi moja la shangingi ni moshi wako wewe wa mwaka mzima! Na mheshimiwa analijaza tena kwa kodi yako.

Hatusemi tubaki na vibatari. Tunataka viwanda, ajira na umeme ambao kabwela anaumudu. Siku mifuko ikijaa, wingi wetu utakuwa na uzito kweli, na swali litakuwa umeme huo unatoka wapi: maji, jua, gesi ya Songo Songo au makaa ya Mchuchuma? Kwa mikataba gani, na nani kaisoma? Hilo ndilo la kupeleka warshani. Wao wanajadili vitanda vyenu!