Mnamficha ugonjwa, halafu mnamsema hakuja kuzika

Hapa Chang'ombe UE zinanukia, maktaba imejaa hadi ngazini, na mimi natakiwa niwe nimejifungia na notisi za saikolojia ya elimu. Lakini kuna jambo limenikaa rohoni, nisipolitoa sitasoma hata ukurasa mmoja. Ni hili la ndugu zetu walioko Marekani na misiba ya nyumbani.

Kaa kwenye turubai lolote la msiba huku Temeke, au vuka uende Kinondoni, utasikia tu: "Yule kijana wa Marekani hajaja? Mama yake mzazi? Kweli majuu kunapoteza watu!" Jamani, mimi nimechoka na maneno haya. Wapo waliosahau kwao, sikatai. Lakini wengine hawaji kwa sababu wakitoka tu, mlango unafungwa nyuma yao. Na sisi tuliobaki huku, kwa tabia yetu ya kuwaficha ugonjwa, tunawanyima muda wa kutafuta ufunguo.

Ngoja nieleze, maana wengi wanadhani ni suala la nauli. Mtu aliyeko Marekani akiomba ukaazi wa kudumu, ile grini kadi, akiwa hukohuko ndani, anajaza fomu ya I-485. Baada ya hapo anasubiri, na kusubiri kwenyewe si kwa wiki mbili. Katika kipindi hicho akitoka nje ya nchi bila kibali, Idara ya Uraia na Uhamiaji ya kule, USCIS, inahesabu kwamba ametelekeza ombi lake. Haijalishi alienda harusini au alienda kumzika mama. Kibali hicho kinaitwa advansi paroli, kinaombwa kwa fomu ya I-131, na lazima kiwe kimeshatoka kabla hajapanda ndege. Kuwa umeomba tu hakutoshi. Wapo wasiokihitaji, kama wenye viza za kazi za H-1B na L-1 ambazo bado ziko hai, lakini mbeba boksi wa kawaida hana hizo. Kwetu neno paroli tunalijua kwa wafungwa wanaotolewa kabla ya kifungo kwisha, na ukifikiria sana, halijakaa mbali. Hata ukiwa nacho mkononi, ofisa wa uwanja wa ndege ndiye anayeamua kama unaingia.

Wanachuo tutaelewa haraka. Ukitaka kuahirisha mtihani, unaandika barua na kujibiwa kabla ya mtihani. Ukiondoka kwanza ndipo uanze kujieleza, umeshaandikwa kwamba hukutokea.

Sasa kwa waliozidisha muda wa viza zao kabla ya kuomba, ndiyo balaa. Sheria ya mwaka 1996 inasema aliyekaa bila kibali zaidi ya siku 180 kisha akaondoka, anafungiwa miaka 3. Akifikisha mwaka mmoja au zaidi, miaka 10. Mwaka 2012 bodi ya rufaa za uhamiaji ya kule, katika shauri la Arrabally, iliamua kwamba aliyetoka kwa advansi paroli akiwa na ombi lake hahesabiwi kuwa ameondoka kwa maana ya kile kifungo cha miaka 10. Yaani karatasi moja inamtenga anayezika akarudi na anayezika akabaki nje miaka 10.

Na msiniambie "si aanze upya ubalozini hapo Msasani". Desemba 2025 Rais Trump alitia saini tangazo lililoiweka Tanzania kwenye orodha ya nchi zenye vizuizi, kuanzia 1 Januari 2026, na viza za kuhamia zilikuwa ndani ya vizuizi hivyo. Kuanza upya siyo jambo la kulitamka kirahisi unapokula ubwabwa.

Niseme la kwetu. Shangazi yangu wa Mbagala alifariki mwaka jana. Mwanawe yuko Ohio, ameoa huko, ombi lake lilikuwa bado linasubiri. Shangazi aliumwa miezi minne. Miezi yote minne, kila akipiga simu aliambiwa "mama yupo, malaria kidogo tu, sasa hivi kalala". Wazee walisema asiambiwe, atapata presha ugenini na atashindwa kufanya kazi. Walisema kwa mapenzi, hilo najua. Akaambiwa ukweli usiku ule mama alipokata roho. Sisi ni Waislamu, kesho yake adhuhuri tulikuwa makaburini. Hata angekuwa na kibali mfukoni asingewahi, maana hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka kule hadi Dar. Alituma hela, ndizo zilizonunua mchele wa msiba. Na watu wakala mchele huo huku wakimsema.

Kinachoniuma ni kwamba miezi minne ilikuwa inatosha kuanza kuhangaika. USCIS wanapokea maombi ya dharura ya kibali hiki, lakini wanataka ushahidi: barua ya daktari inayoeleza hali ya mgonjwa, au cheti cha kifo. Karatasi ikiwa ya Kiswahili, inatakiwa iambatane na tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa na mtafsiri. Barua ya daktari ataipata wapi kama mgonjwa wenyewe anafichwa? Tena tangu 1 Aprili 2024 fomu ya I-131 ina ada yake, dola 630 kwenye karatasi, wakati zamani aliyelipia I-485 hakulipa tena. Mtu anayebana matumizi ni rahisi kuiacha akiamini mama ni mzima, kwa sababu sisi ndio tuliomwambia ni mzima.

Kuna watakaosema mama ni mmoja, makaratasi hutafutwa. Sawa, na wapo waliochagua hivyo, wakaacha kila kitu wakaja. Nawaheshimu. Lakini yule mwenye mke na watoto kule, na wadogo zake wanaosomeshwa huku kwa hela hiyohiyo, naye akichagua kubaki ana sababu. Uamuzi huo ni wake. Sisi tunachofanya ni kumwamulia kimyakimya, halafu tunamhukumu kwa uamuzi wetu.

Kwa hiyo wadau, kama una kaka, dada au binamu kule, mwulize swali moja: "Ombi lako limefika wapi, na una kibali cha kusafiri?" Kama hana, aongee na wakili kabla ya kugusa tiketi, maana kanuni za kule zinabadilika kila kukicha. Na mzazi akianza kuugua, mwambie wiki hiyohiyo, omba barua ya daktari, piga picha, tuma. Presha atapata, ndiyo. Ila atapata pia muda wa kusikia sauti ya mama yake akijua kinachoendelea, hata kama kibali hakitatoka.

Nawasilisha. Mwenye mawazo tofauti aje tubishane, kwa adabu lakini.