Mlinzi Aliyelazwa Usingizi

Ketamini naijua. Miaka mingi iliyopita nilivunjika mguu, nikapelekwa hospitali ya wilaya. Nilipochomwa sindano, dari ilisogea mbali, sauti ya muuguzi ikawa kama inatoka kisimani, na mguu ule ukawa wa mtu mwingine. Macho yalikuwa wazi, lakini mimi sikuwepo. Nilipozinduka nililia kama mtoto, nisijue nalilia nini.

Leo wapo vijana wanaoivuta puani dansini kwa starehe. Mpwa wangu aishiye London alinitetea jambo hilo: "Mjomba, hii si heroini. Ni dawa ya hospitali."

Hoja hiyo naikataa. Kisu cha daktari nacho ni cha hospitali. Mkononi mwa mlevi ni kisu tu. Nilipolazwa mimi, palikuwa na mtu wa kunishika mshipa na kunihesabia pumzi. Dansini nani anahesabu? Aliyetengwa na mwili wake hajui kama anaungua, anapaliwa na matapishi au anazama. Oktoba 2023 mwigizaji wa Marekani, Matthew Perry, alikutwa amekufa katika bwawa dogo la maji moto nyumbani kwake. Uchunguzi ulitaja ketamini kuwa sababu kuu ya kifo, na kuzama kuwa mojawapo ya yaliyochangia.

Wasiokufa hulipa polepole. Tangu 2007 madaktari wameandika habari za watumiaji ambao kibofu chao kimepata vidonda na kusinyaa, wanaokojoa damu, wasioweza kukaa nusu saa bila kwenda haja. Na mtego ndio huu: maumivu hayo huwarudisha kwenye ketamini ileile, maana ndiyo inayoyatuliza. Wengine wameishia kutolewa kibofu.

Tena ipo dhuluma. Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha ya dawa muhimu tangu 1985, kwani hufaa hata pasipo mashine za kupumulia. Mwaka 2015 China ilipotaka dawa hii iwekewe udhibiti wa kimataifa, Shirika lilipinga kwa ajili ya wagonjwa wa nchi maskini. Kwa hiyo anayeichezea anachezea kitanda nilicholalia mimi.

Maumivu ni mlinzi. Daktari humlaza kwa muda, naye mwenyewe akakesha mlangoni. Wewe unayemlaza kila Jumamosi, nyumba yako unamwachia nani?