Maji ya Kisima: Tahara na Afya

Tumeulizwa: ikiwa maji ya kisima yafaa kutawadhia, kwa nini tuambiwe tuyachemshe kabla ya kunywa? Je, huko si kuyatilia shaka maji yaliyohukumiwa kuwa tahiri?

La, sivyo. Wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafii wamefundisha kwamba maji yaliyofikia kulateni, nayo ni karibu lita 200, hayawi najisi kwa kuingiwa na uchafu ila yakibadilika rangi, tamu au harufu. Hiyo ni hukumu ya tahara, na ni rehema kubwa kwetu. Lakini vijidudu vya kipindupindu na vya homa ya matumbo havibadilishi rangi, wala tamu, wala harufu. Bilauri ya maji meupe kabisa yaweza kuwa imevichukua. Ndugu zetu wa Unguja na Pemba hawajasahau kipindupindu cha mwaka 2015 na 2016. Na kujikinga na madhara nako ni katika sheria.

Aghalabu adui wa kisima ni choo chetu wenyewe. Miji mingi ya pwani imejengwa juu ya mawe ya matumbawe, na mawe hayo yana nyufa. Maji ya shimo la choo hupita humo upesi, bila ya kuchujwa kama yachujwavyo na mchanga. Watu hushauriwa waache mita 30 baina ya choo na kisima, na penye mawe ya namna hii yafaa kuzidisha. Twajua kuwa nyua za mjini hazina nafasi hiyo. Basi kisima cha hapo na kiwe cha kufulia na kuogea. Ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote kwa dakika moja, kisha yatiwe katika mtungi wenye kifuniko, na yatekwe kwa kata yenye mpini. (Chumvi haiondoki kwa kuchemsha, asidanganyike mtu.)

Kisima chenyewe kijengewe ukingo, na sakafu ya saruji iteremkayo nje. Ndoo iwe moja tu, itundikwe, isiwekwe chini. Mtume (s.a.w.) ametuamuru tufunike vyombo vyetu usiku, nacho kisima ni chombo kikubwa kuliko vyote nyumbani, na visima vingapi hulala wazi!

Na mwenye kutaka kuchimba choo, kabla ya kushika sururu, na abishe hodi kwa jirani amwulize kisima chake kiko upande gani wa ukuta.