Kuacha Kazi kwa Status Hakumkomoi Bosi

Wadau, wiki hii kuna dada mmoja wa hapa Masasi mjini (jina kapuni) kaacha kazi kwa status. Kapiga picha funguo za duka, kaandika "bai bai utumwa", kazima simu, kapanda gari kwenda kwao Newala. Makopa na moto kibao. "Malkia! Umetisha!" Mimi sikushangilia, nitukaneni tu.

Bosi wake namjua. Matusi mbele ya wateja, mshahara tarehe anayojisikia, likizo unaisikia kwa jirani. Kuondoka ni haki yake kabisa. Ninachokataa ni kumwachia yule mzee hela.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema hivi: ukilipwa kwa mwezi, notisi ni siku 28, kwa maandishi. Ukigoma kuzifanya kazi, bosi anaruhusiwa kukata pesa ya siku hizo kwenye unachomdai. Yaani status ya sekunde thelathini imekula mshahara wa mwezi! Na msiniletee habari za "sina mkataba". Kukosa karatasi hakukufanyi usiwe mfanyakazi.

Wengine mtasema kazi ilikuwa haikaliki. Sawa, hata hilo lipo kisheria. Bosi akikufanyia vituko mpaka ukashindwa kuendelea, inahesabika kama kakuachisha yeye, na una siku 30 kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Utathibitisha kwa nini sasa, kwa emoji?

Naongea kwa uchungu kwa sababu na mimi nilizira. Gesti moja, siitaji. Nilitupa funguo mezani mwezi wa pili, najiona mwanaume. Nimerudi kudai siku zangu za likizo, naulizwa barua iko wapi. Kimya. Na huku kwetu hela ina msimu jamani! Minada ya korosho ikianza Oktoba, maduka, gesti, mama ntilie, wote wanatafuta watu. Ikifika Machi mji umepoa, kila mtu anahesabu madeni. Nilikaa kwa shangazi miezi saba nachota maji. Ningejibana mpaka Septemba, nikatoa notisi, ningetoka huku nikiingia kwingine. Lakini si nilikuwa nataka sifa.

Halafu hao "mamotivesheni" wa mjini wanaowaambia muache kazi mfuate ndoto, kodi yenu wanalipa wao?

Dada, kama unasoma, siku 30 bado. Status futa. Zile meseji za matusi za bosi usifute hata moja, na uandike pembeni tarehe za mishahara aliyokuchelewesha.